Hiyo Mercer Raceabout ya tajiri wako: usitume hata senti kabla mtu wako hajaingia uvunguni

Mkuu usitume hiyo advansi. Tajiri wako yuko Muscat, anataka Mercer Raceabout ya 1913, lile gari la kale la Kimarekani la viti viwili, inayouzwa huku Marekani, dalali anataka asilimia 10 ifike kabla ya Ijumaa kwa sababu eti kuna Mjerumani anaizengea, na wewe umekuja hapa kuuliza kontena, joto la huko na tairi zinapatikana wapi. Tairi! Mtu anakaribia kupigwa za uso anauliza tairi.

Huyo Mjerumani namjua, alikuwepo hata kwenye dili letu. Kila Mercer inayouzwa anaitaka yeye na kila Ijumaa anazidiwa kete, maskini, sijui kwa nini hakati tamaa.

Mimi napiga kazi gereji ya magari ya kale hapa New Jersey, si mbali na Trenton zilikotengenezwa hizo Mercer. Na sisi tulinunua Raceabout: mzee mwenye gereji alitia fungu kubwa na mimi nikatia akiba yangu yote, hela ambayo mama watoto alijua ni ya nyumba. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa nadharia.

Kwanza elewa kwa nini watu wanazifoji. Raceabout ilichorwa na Finley Robertson Porter, ikaingia sokoni 1911, silinda nne, lita karibu 5, nguvu farasi 58, haina mlango, haina paa, kioo chenyewe ni kile kiduara kimefungwa kwenye nguzo ya usukani, na kiwanda kilikuwa kinaahidi maili moja kwa sekunde 51. Gari ya zaidi ya miaka 100 hiyo, inapita kilomita 110 kwa saa na tairi za mbele hazina breki. Leo ya kweli mnadani imeshavuka dola milioni 2. Sasa kiwanda hichohicho kilitoa pia gari za familia, injini ileile, gia boksi ileile, ila chasisi ndefu zaidi, na hizo bei yake haikaribii hata kidogo. Umeshaelewa mchezo? Unachukua masalia ya gari ya familia, unakata chasisi, unaifupisha hadi inchi 108 kati ya ekseli na ekseli, halafu juu unaweka bodi mpya, ambayo kwa Raceabout ni kama hakuna bodi: boneti, viti viwili, tangi la mafuta la duara nyuma, tairi za akiba, mabawa, kwisha. Kila chuma ni Mercer halali lakini gari lenyewe halijawahi kutoka kiwandani likiwa hivyo.

Ndicho tulichouziwa. Na sisi ni mafundi jamani, cheka tu, nishazoea.

Tulipigwaje? Gari lilikuwa mbali, jimbo jingine, dalali akasema msijisumbue nauli, kuna mtaalamu hapa jirani wa kujitegemea atawakagulia. Huyo "wa kujitegemea" alijitegemea kwa dalali mpaka leo. Alituletea ripoti ya kurasa nyingi na picha kibao, taa za shaba zinang'aa unaweza kunyolea ndevu, ngozi ya viti, rediata, namba ya injini imepigwa picha kwa ustadi kama ya harusi. Picha ya uvunguni hata moja. Tukauliza, akajibu mvua ilikuwa inanyesha. Uvunguni, mvua! Na bado tukatuma hela, kwa sababu hati ya umiliki ilikuwa safi na namba zinaoana. Hapo ndipo wanakomaliza watu: magari ya enzi hizo mengi yamesajiliwa kwa namba ya injini, kwa hiyo hati inafuata injini, chasisi iliyo chini yake haiongelei kabisa. Injini moja halali inaweza kukalia chuma chochote na karatasi zikawa safi.

Gari lilipofika tukavua mbao za sakafu, tukafuta grisi kwa mafuta ya taa. Chini ya kiti cha dereva nikapitisha ukucha kwenye ule ubavu mrefu wa chasisi, ukakwama kwenye mshono mwembamba wa kuchomelea kwa umeme, umepigwa grainda na kupakwa rangi. Chasisi za hizo gari ziliunganishwa kwa ribiti za moto, yaani pini za chuma zinazogongwa vichwa zikiwa moto, si kwa kuchomelea. Nikahesabu ribiti za pale, vichwa vinne vilikuwa vya boliti zilizonolewa zikawa duara, nati zake ziko upande wa ndani zimezikwa kwenye rangi. Mzee alikaa juu ya toroli la vifaa akaomba maji.

Oktoba tukaenda Hershey, Pennsylvania, kwenye yale maonyesho na gulio kubwa la magari ya kale, nikamwonyesha picha babu mmoja mjuzi wa hizi Mercer, maana watu kama yeye zilizobaki wanazijua mojamoja. Akaangalia akasema, ee, hii si ile ya familia ilikuwa Ohio, kumbe mmeikata? Mmeikata! Sisi!

Kwa hiyo kaka, mtu wako mwenyewe, unayemlipa wewe, asiyejuana na muuzaji, alale uvunguni na futi, apime ekseli kwa ekseli, akwangue grisi, ahesabu ribiti, ndiyo hela itoke. Na dalali alete picha za gari hilohilo kabla ya 1950, lionekane na mwenye nalo. Akikwambia lilikaa ghalani miaka 60 ndiyo maana hakuna picha, mwulize nani alilifungia humo.

Kontena hayo hayana shida, mawakala wapo kibao. Joto nitarudi kulijibu. Kwanza mwambie dalali unataka mtu aingie uvunguni Jumatatu, baada ya hiyo Ijumaa yake, halafu njoo utuambie kajibu nini.