Re: Kidau cha wino cha Kifaransa chenye chapa ya C na taji

Habari ndugu. Umeuliza kama kidau chako cha bronzi iliyopakwa dhahabu, chenye sfinksi wawili (wale simba wenye vichwa vya wanawake), ni cha enzi za mfalme Louis XV kwa kuwa kina chapa ya C yenye taji.

Anzia hapo, maana nakshi na chapa vinapingana. C yenye taji ni alama ya ushuru iliyogongwa Ufaransa kwenye vitu vyenye shaba kati ya 1745 na 1749. Nakshi za wakati ule zilikuwa makombe na majani yanayojipinda, upande mmoja haufanani na wa pili. Sfinksi waliokaa sawasawa kulia na kushoto walipendwa sana baada ya Napoleon kwenda Misri mwaka 1798. Chapa hiyo mimi nisingeiamini.

Lakini usivunjike moyo, kidau chenyewe kinaweza kuwa kizuri. Kigeuze utazame mikwaruzo ya chini. Ikiwa ya kijivu, hiyo ni zinki, si bronzi. Niliwahi kuuziwa cha zinki, nikashtukia wepesi wake nimeshafika nyumbani. Kisha shika kioo cha kukuzia, angalia nywele za sfinksi. Fundi hodari huacha mistari myembamba ya patasi, na mashavu yaliyong'arishwa hupakana na nguo iliyofifishwa makusudi.

Na tafadhali sana, usiguse dawa ya kung'arishia shaba! Inakwangua dhahabu, na hairudi. Futa kwa kitambaa laini kikavu.

Mwaka siwezi kukutajia kwa picha moja. Weka na picha ya upande wa chini, skrubu zionekane.