"Mkaguzi huru anayetambulika, nakala 3": maneno yenye utata ndani ya LC

Ndugu, umesema LC yako ya kwanza (barua ya mkopo, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kukulipa ukiwasilisha hati zinazotakiwa) inadai, kwenye 46A, sehemu inayoorodhesha hati hizo, "cheti cha ubora kutoka kwa mkaguzi huru anayetambulika, nakala 3". Hujui nani anafaa kukitoa wala hati halisi (original) ziwe ngapi, na meli inapakia wiki ijayo. Nimeandaa hati za mauzo ya nje kwa miaka mingi, na ombi langu kwako ni moja: usipakie kabla sentensi hiyo haijarekebishwa.

Kanuni zenyewe ziko upande wako. Angalia 40E, sehemu ya LC inayotaja kanuni zinazotumika. Kama LC inafuata UCP 600, zile kanuni za LC za ICC (Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara) zinazotumika tangu Julai 2007, basi ibara ya 3 inasema maneno kama "huru", "anayetambulika" au "mwenye sifa" yakitumika kumweleza mtoaji wa hati, yeyote anaweza kuitoa isipokuwa wewe muuzaji. Na kwa kuwa hawakutaja cheti kionyeshe nini, ibara ya 14(f) inaitaka benki ikipokee kilivyo, mradi kinafanya kazi ya cheti cha ubora na hakipingani na hati nyingine.

Kwenye "nakala 3" sisi Waswahili tunateleza zaidi, kwa sababu neno letu nakala linabeba yote mawili, kivuli cha hati na hati yenyewe. Nimeona vijana wa ofisini wakipeleka vivuli vitatu, halisi imebaki kwenye faili. Ibara ya 17 inataka angalau halisi moja, zinazobaki ziwe vivuli. Mimi hupeleka halisi zote tatu, maana halisi inakubalika hata pale walipoomba kivuli.

Sasa utaniuliza, kama kanuni zinanilinda, nahangaikia nini? Nikueleze yaliyotupata.

Tulipokea LC iliyosema kwenye 47A, sehemu ya masharti ya ziada, kwamba mzigo ufungwe kwenye magunia mapya. Haikutaja hati yoyote ya kuthibitisha hilo. Niliijua vizuri ibara ya 14(h): sharti lisilotajiwa hati benki hulichukulia kama halikuandikwa. Nikamwambia bosi tusonge mbele. Tukapakia, tukawasilisha hati, na ndani ya siku tano za kazi ambazo benki hupewa kukagua hati ikaja taarifa ya kukataa: hakuna cheti cha magunia mapya. Tukajibu kwa kunukuu ibara. Wakajibu. Tukajibu tena. Mwishowe walikubali kwamba tulikuwa sahihi, lakini mzigo ulikuwa umeshafika na hati halisi ya shehena (bill of lading, inayotumika kuutoa mzigo bandarini) ilikuwa bado imekwama benki, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuutoa. Gharama za bandari zikapanda kila siku, naye akaomba punguzo. Bosi alikubali kwa uchungu, na faida yote ya mzigo ule ikaishia hapo. Mpaka leo naumia, kwa sababu nilikuwa na muda wa kuomba mstari mmoja urekebishwe na sikuomba.

Mwongozo wa ICC wa ukaguzi wa hati, ISBP 745 wa mwaka 2013, unasema hatari ya maelekezo yenye utata ni ya mnunuzi aliyeomba LC. Ni maneno mazuri, lakini anayesubiri fedha ni muuzaji.

Kwa hiyo andika leo. Usimwambie mnunuzi "kifungu hakieleweki", kwa sababu atakurudishia kingine kisichoeleweka. Mpe sentensi iliyokamilika: cheti cha ubora kilichotolewa na kusainiwa na kampuni fulani, itajwe kwa jina, kikionyesha vipimo fulani, halisi 1 na vivuli 2. Kwanza hakikisha kampuni hiyo inaweza kuandika maneno hayohayo kwenye cheti chake. Akijaribu kuingiza "kitakachoidhinishwa na mnunuzi", kataa kabisa. Sentensi hiyo haina utata wowote, ila inamfanya yeye ndiye aamue kama utalipwa au la, na nimeona wauzaji waaminifu wakiteseka nayo kuliko na maneno yote yenye utata.

Barua pepe ya mnunuzi ya "usijali, tutapokea tu" haibadilishi LC. Benki inaangalia marekebisho yaliyopita benki, nayo hayakufungi mpaka uyakubali. Yasome yote kabla ya kukubali, kwa sababu huruhusiwi kuchukua mstari unaokufaa na kuuacha mwingine.

Ukiwa kwenye kazi hiyo, pitia na tarehe. "Karibu na" tarehe fulani ya kupakia ni siku tano kabla hadi siku tano baada yake, ila "kabla ya" haihesabu siku iliyotajwa. "Takriban" kwenye kiasi ni asilimia 10 juu au chini. "Haraka iwezekanavyo" benki huyachukulia kama maneno yasiyoandikwa.

Na kama marekebisho hayatawahi meli ya wiki ijayo, omba kwenye barua hiyohiyo tarehe ya mwisho ya kupakia na ya LC kuisha zisogezwe, kisha mpigie wakala wa meli akutafutie nafasi kwenye meli inayofuata. Mnunuzi akikataa kubadilisha, weka hapa maneno yote ya 46A na 47A, uyafiche majina, tuyapitie mstari kwa mstari.