Maswali na Majibu: Fedha za Matumizi Unapokwenda Likizo Nje ya Nchi

Msimu wa likizo unapokaribia, maswali yanayonifikia huwa yanafanana: watu wameshalipia tiketi na hoteli ya mapumziko, na kilichobaki ni kujua watakavyozishika fedha za matumizi wakiwa huko. Nimechagua sita.

Swali: Mimi na mwenzangu tumelipia kifurushi ambacho ndani yake mna malazi, chakula na vinywaji. Wakala ametuambia twende mikono mitupu. Je, ni kweli?

Wakala wenu amesema nusu ya ukweli. Kifurushi cha namna hiyo hulipia yale tu yaliyoandikwa, na mara nyingi huacha nje masaji, kupiga mbizi, safari za boti, vinywaji vya bei ya juu, ufuaji wa nguo na kuendelea kukaa chumbani baada ya saa ya kuondoka. Juu ya hayo kuna kodi za serikali ambazo hoteli nyingine huziweka ndani ya bei na nyingine huzidai siku ya mwisho. Tuchukue Maldivi, ambako tangu Januari 2025 kodi ya mazingira katika hoteli kubwa za mapumziko ni dola 12 za Marekani kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Kwa watu wawili, usiku saba ni dola 168 kabla hamjaagiza kitu chochote. Kodi ya bidhaa na huduma za utalii nayo imekuwa asilimia 17 tangu Julai 2025.

Mkiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei, yaani ++, fahamuni kwamba kodi na ada ya huduma bado hazijaongezwa. Mwandikieni wakala barua pepe yenye swali moja tu: tutakapoondoka, hoteli itatudai nini ambacho hatujalipa? Jibu lake likija kwa maandishi, lihifadhini kwenye simu.

Swali: Nibebe fedha taslimu kiasi gani, na za nchi gani?

Anza na vitu ambavyo kadi haiwezi kulipia, kama vile teksi ya kutoka uwanja wa ndege, bahashishi, na wauzaji wadogo walioko nje ya lango la hoteli. Jumlisha hivyo kwa siku zako zote, kisha uongeze fedha za kukutosha siku mbili iwapo kadi itagoma. Kilichobaki kikae kwenye kadi, na ikiwezekana ziwe kadi mbili za benki tofauti, zisizolala katika pochi moja.

Kuhusu aina ya fedha, chunguza kwanza utaratibu wa nchi unayokwenda. Dola ya Bahamas ni sawa na dola moja ya Marekani, na dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, na kote huko dola za Marekani hupokelewa bila shida, ijapokuwa chenji utarudishiwa kwa fedha yao. Tunisia ni kinyume kabisa, kwani dinari yake hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo hakuna maana ya kuihangaikia kabla ya kufika. Na ukibeba dola za Marekani, omba noti safi zisizo za zamani, kwa maana noti iliyochanika au iliyochorwa kalamu hukataliwa mahali pengi, hata kama ni halali.

Swali: Nilipokuwa nalipa, mashine ya kadi iliniuliza kama nataka kulipa kwa fedha ya nchi yangu au ya nchi ile. Nilichagua ya nyumbani kwa sababu ndiyo ninayoielewa. Je, nilikosea?

Ulikosea, lakini si peke yako, na swali lenyewe limetungwa ili watu wakosee. Unapochagua fedha ya nyumbani, anayefanya ubadilishaji si benki yako bali ni kampuni inayohudumia ile mashine, na kiwango chake huwa kimeshaongezewa faida, ambayo aghalabu mfanyabiashara naye hupata sehemu yake. Unapochagua fedha ya nchi uliyopo, hesabu hupitia Visa au Mastercard kwa kiwango kilicho karibu na cha soko, na benki yako huongeza ada yake iwapo inayo. Tuseme ile nyongeza ni asilimia 5: katika bili ya dola 600, umetoa dola 30 kwa ajili ya kuona tarakimu ulizozizoea. Tena zipo benki zinazotoza ada ya muamala wa nje hata baada ya hapo, ukawa umelipa mara mbili.

Hiari ni yako, na kanuni za mitandao hiyo ya kadi zinamtaka muuzaji akuulize. Tatizo ni kwamba mhudumu mwenye haraka hubonyeza kwa niaba yako. Kabla ya kuingiza namba ya siri, geuza mashine uitazame. Ukiona fedha ya nyumbani kwako imeshatokea kwenye kioo, mwambie afute na aanze upya.

Mtego huohuo umo katika ATM, na huko umefichwa vizuri zaidi. Mashine hukuonyesha kiwango, kisha hukupa vitufe viwili: kubali ubadilishaji au kataa ubadilishaji. Watu wengi huogopa neno "kataa", wakidhani muamala wote utafutwa. Haufutwi. Unachokataa ni kile kiwango chao tu, na noti zitatoka vilevile.

Swali: Nilipofika mapokezi walichukua kadi yangu "kwa dhamana". Kesho yake salio langu lilikuwa limepungua sana, na sikuwa nimenunua hata chupa ya maji. Je, nimeibiwa?

Kwa maelezo yako, hujaibiwa. Hoteli imeiomba benki izuie kiasi fulani ili kulipia matumizi yako au uharibifu utakaotokea. Ukitumia kadi ya mkopo, kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo chako cha kukopa. Ukitumia kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, kinachozuiwa ni fedha zako zenyewe, nazo hutaweza kuzitumia hadi zitakapoachiwa, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, baada ya wewe kuondoka. Ndiyo maana mtu mwenye kadi za aina zote mbili hutoa ile ya mkopo pale mapokezi, na ile nyingine huiacha kwa ajili ya ATM.

Uliza kiasi kitakachozuiwa kabla hujatoa kadi, na uulize pia kama ni kwa siku au kwa safari nzima, kwa sababu tofauti yake ni kubwa. Siku ya kuondoka, omba risiti inayoonyesha kwamba bili imefungwa. Benki yako itaihitaji iwapo zuio litachelewa kuondolewa.

Swali: Watoto wetu wanaweza kuagiza vitu kwa kutaja namba ya chumba tu. Tutadhibiti vipi matumizi?

Waambieni mapokezi, siku ileile mnayofika, kwamba chumba chenu kisidaiwe kitu bila saini ya mtu mzima. Hoteli nyingi hukubali. Kisha, kila baada ya siku mbili, ombeni bili ya muda muisome mstari kwa mstari. Mimi nilisubiri hadi asubuhi ya kuondoka, gari la uwanja wa ndege likinguruma mlangoni, ndipo nikakabidhiwa kurasa tatu. Ndani yake mlikuwa na vinywaji vya chumba namba 271, ilhali sisi tulikuwa 217. Waliviondoa, lakini kwa mwendo ule niliokuwa nao sijui ni vingapi vingine nilivilipia.

Jambo moja zaidi kuhusu karatasi mnazosaini. Tazameni chini: mara nyingi ada ya huduma imeshachapwa, kisha chini yake umeachwa mstari mtupu wa bahashishi. Mstari ule si deni. Pigeni kistari, andikeni jumla, ndipo msaini.

Swali: Sarafu na noti zinazobaki nizifanye nini?

Maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hupokea noti tu, kwa hiyo sarafu zitumie hukohuko. Njia rahisi ni kupunguza bili ya mwisho ya hoteli kwa fedha taslimu zote ulizobakiwa nazo, na salio ulilipe kwa kadi. Usimwachie mhudumu sarafu za nchi yako kama bahashishi, kwa kuwa naye hana pa kuzibadilisha. Mahali ambapo fedha ya nchi hairuhusiwi kutoka, kama ilivyo Tunisia, badilisha noti zako uwanja wa ndege kabla hujapita ukaguzi, na risiti za pale uliponunulia dinari ziwe mkononi, kwa sababu wanaweza kukudai uzionyeshe.