Siku niliyopigia makofi hasara yangu

Swali la wiki hii lilikuwa: shirika la umeme la umma lidhibitiwe na nani, waziri au mamlaka inayojitegemea? Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma, Pasua, hapa Moshi. Nasema mamlaka. Ila nikiri mapema kwamba kuna siku nilishangilia jibu la upande wa pili.

Ilikuwa Januari mosi, 2017. TANESCO, shirika letu la umeme la umma, ilikuwa imeomba bei ipande kwa asilimia 18.19. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ikapitia hesabu, ikafanya taftishi, yaani ule mkutano wa hadhara ambao sheria inautaka kabla bei haijaguswa, mwisho ikaruhusu asilimia 8.5 tu. Bei mpya ilikuwa ianze siku hiyohiyo. Haikuanza. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha, na Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Mafundi tulipeana mikono. Oda za mageti tulishapatana kwa bei ya zamani, na mangi, yaani mteja wetu wa Kichagga, akishakupa advansi haongezi hata mia.

Kilichonigeuza ni risiti. Ukinunua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, usikimbilie zile tarakimu 20 za tokeni; soma na zilizobaki. VAT asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3, EWURA asilimia 1. Ndiyo maana uniti ya shilingi 292 inamfikia mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, kama mimi kwa shilingi 356. Ile asilimia 1 ni ya mdhibiti. Kumbe kila nikichomea geti namlipa mtu akae na vitabu vya TANESCO aulize kwa niaba yangu: gharama hii ni ya kweli, au ni uzembe unaotafuta wa kuulipia? Aliyeshusha 18.19 hadi 8.5 alikuwa kazini kwangu. Kazi yake ikafutwa kwa siku moja, na mimi nikapiga makofi.

Tena gharama haifi kwa kukataliwa. Kama nguzo na waya vinahitaji pesa na bei hairuhusiwi kuzileta, basi shirika litakopa, au litaacha kubadilisha transfoma iliyochoka, au Hazina itatoa kimyakimya. Kwa vyovyote mlipaji ni mimi, tofauti ni kwamba sitaonyeshwa hesabu.

Tazama petroli, ambayo mdhibiti wake ni huyohuyo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatoa bei kikomo, tunaguna, tunajaza. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda duniani kutokana na vita vya Ukraine, serikali haikuirarua kanuni ya bei. Iliweka ruzuku, ikianza na shilingi bilioni 100 kwa bei za Juni, ikatangaza hadharani. Hapo ndipo ninapomtaka waziri asimame. Anataka umeme uwe rahisi? Aje na fedha mkononi, azitaje bungeni, bei ishuke kwa njia hiyo. Hata nafuu ya mteja wa D1, yaani mwenye matumizi madogo ya nyumbani, shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, siipingi. Najua wateja wa kundi langu tunabeba sehemu ya mzigo huo. Nitaubeba, ilimradi umeandikwa.

Jirani yangu seremala ananicheka. Anasema EWURA na TANESCO ni watoto wa baba mmoja, baba akikohoa wote wananyamaza. Hakosei sana, na 2017 inampa hoja. Lakini uamuzi wa EWURA una karatasi: maombi yalikuwa haya, walioyapinga ni hawa, sababu ni hizi, na asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Simu ya mkubwa haina karatasi, utaikatia rufaa wapi? Na wanaotaka mambo yarudi wizarani peke yake wakumbuke IPTL, kampuni binafsi ya kuiuzia TANESCO umeme. Mkataba wa megawati 100 ulisainiwa 1995, sheria ya EWURA ikaja 2001, mamlaka yenyewe ikaanza kazi 2006. Mzigo ule tuliuburuta hadi sakata la 2014 la fedha za akaunti ya Escrow, zilizokuwa zimewekwa kando kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na IPTL.

Kwetu kaskazini jambo hili limeshabisha hodi. Machi 2025 Rais Samia alieleza kwamba mikoa yetu itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaosafiri kutoka kusini unapotea mwingi njiani. Njia ya kilovolti 400 ipo tayari, inatoka Isinya, inapita Namanga na Arusha kwenda Singida. Watu wengi hapa walibishana kuhusu heshima ya taifa, eti tumejenga bwawa la megawati 2,115 halafu tunakwenda kwa jirani. Mimi heshima naiweka pembeni. Nataka kujua uniti hiyo itanunuliwa kwa bei gani, usafirishaji kupitia Kenya unatozwa nini, na nani alilinganisha hayo na gharama ya kuimarisha njia yetu wenyewe. Hayo ni maswali ya taftishi. EWURA ina ofisi ya kanda Arusha, saa mbili tu kwa basi, ila ningependa mkutano wenyewe ufanyike hapahapa Moshi, siku isiyo ya soko, na nyaraka zitolewe wiki mbili kabla. Risiti zangu za luku nimezitunza, nitakuja nazo.

Fundi wa kuchomea, Pasua, Moshi