Barua kwa mwanangu: nguo za safari ya miezi sita

Marahaba mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikaisoma tena asubuhi. Umeniuliza ubebe nguo gani kwenye begi moja la mgongoni la lita 40, kwa safari ya kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, unapanda treni ya TAZARA mpaka Mbeya, basi mpaka Lusaka na Livingstone, alafu Botswana, Namibia, Cape Town, Lesotho, na kurudi unapitia Malawi. Na orodha yako nimeiona, jinzi tatu, hudi mbili, madera, tisheti za pamba kumi, raba pea mbili, na ukasema nyingine ni nguo zilizochakaa ukizichoka unazitupa huko huko njiani. Nimeona nikuandikie kwa urefu maana nguo ndo kazi iliyowasomesha wewe na kaka yako, nimefungua mabelo ya mitumba pale soko la Karume miaka na miaka, kitambaa nakijua kwa kukishika tu, na safari za Zambia za kupeleka mzigo nimezifanya kwa hiyo hiyo treni, kwahiyo hapa nakwambia vitu ninavyovijua.

Kwanza usifungashe kwa hesabu ya miezi sita. Fungasha kwa hesabu ya wiki moja tu, basi. Wiki ya pili unafua, na ya tatu unafua, mpaka unarudi. Ukishakubali hilo swali lako linabadilika, hutaki tena nguo nyingi, unataka nguo ambayo ukiifua usiku kwenye beseni la gesti asubuhi unaivaa imekauka. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza na ndo cha pili. Kabla hujaiweka kwenye begi ifue saa mbili usiku, ikamue, ianike ndani chumbani bila feni, saa kumi na mbili asubuhi ishike kwenye pindo na kwapani, ikiwa mbichi inabaki nyumbani hata kama inakupendeza vipi.

Jinzi haipiti hapo. Jinzi moja ni kama robo tatu ya kilo ikiwa kavu, ikilowa sitaki hata kusema, na kwenye baridi inachukua siku mbili kukauka, na wewe unataka kubeba tatu! Najua unazipenda. Lakini kadeti nyembamba iliyochanganywa naironi inakaa vizuri mwilini, haina hata nusu ya uzito huo, na kwa mbali mtu haoni tofauti. Chukua mbili, moja nyeusi au ya kijivu na moja rangi ya udongo, zote ziwe na mifuko ya zipu, na zote zikubali kila tisheti utakayobeba. Nguo inayoendana na nguo moja tu haina nafasi kwenye lita 40.

Sasa kuhusu pamba. Sisi wa pwani tumekua tunaambiwa pamba ndo nguo bora, na kwa joto la Dar ukiwa umekaa barazani ni kweli kabisa, lakini pamba inakunywa maji na haiyaachii, ukitoka jasho mlimani alafu upepo wa baridi ukupige ile tisheti inakugandia mgongoni unatetemeka. Poliesta inakauka haraka ila inashika harufu ya kwapa, siku moja tu, lazima uifue kila usiku. Sufu ndo mfalme wa safari, ile nyembamba ya kondoo wa merino, inabaki na joto hata ikiwa na unyevu na haitoi harufu upesi. Dukani mpya bei yake haishikiki, lakini kwenye mitumba ya Ulaya zinatoka, watu wanazipita wakidhani ni visweta vya kizee. Soma lebo ya ndani. Na lebo ikiwa imekatwa chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuwashe kiberiti mbali na nguo, sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika, pamba inanuka karatasi, poliesta na akriliki zinayeyuka zinakuwa kitonge kigumu. Hiyo akriliki ndo inayowadanganya watu wengi, kwa macho ni sufu kabisa ila baridi ya kweli ikija haikusaidii hivyo.

Kwahiyo tisheti kumi zitoke, weka tatu za kukauka haraka, fulana moja ya mikono mirefu ya sufu nyembamba, na shati moja la mikono mirefu lenye kola. Chupi sita, na hapo tu ndo nakuruhusu pamba kwa afya yako, ni ndogo zinakauka. Sidiria mbili. Leginzi moja nyeusi ya kulalia na ya kuvaa ndani ya suruali.

Baridi usiichukulie poa. Wengi wakisikia kusini mwa Afrika wanawaza joto, na wewe unaenda katikati ya kipupwe chao. Utapanda treni Dar unatoka jasho, ukifika Makambako usiku utatafuta kila ulichonacho, na Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni. Windhoek nayo ipo juu, zaidi ya mita 1,600, na usiku wa jangwa la Namibia unaweza kushuka mpaka karibu na sifuri wakati mchana ulikuwa unatafuta kivuli. Swakopmund huko huko Namibia ni pwani lakini usitegemee pwani ya kwetu, mkondo wa Benguela unapitisha maji ya baridi pale, ni ukungu na upepo. Lesotho ndo kabisa, nchi nzima haishuki chini ya mita 1,000 na milimani theluji inaanguka, Wasotho wenyewe wanajifunga mablanketi ya sufu wakiwa juu ya farasi na hawakosei.

Usinunue koti kubwa kwa ajili ya hilo. Koti kubwa linajaza nusu ya begi na miezi mitatu yote ya joto unalibeba bure. Vaa kwa kupandanisha, ndani ile fulana ya sufu, katikati sweta la flisi lile jepesi la manyoya manyoya, juu jaketi la mvua lisilopitisha upepo. Joto linakaa kwenye hewa iliyonaswa katikati ya nguo na nguo, kwahiyo nguo tatu nyembamba zinaishinda moja nene, na jua likitoka unavua moja moja. Ongeza mzula wa sufu na soksi nene moja ya kulalia ambayo hutembelei kamwe, iwe kavu siku zote, hata kila kitu kingine kikilowa una kitu kikavu cha kuweka miguuni usiku. Hudi mbili ziache zote, kofia ya hudi ya pamba ikilowa ndo sehemu ya mwisho kukauka.

Jaketi la mvua ndo kitu pekee nataka utoe hela ya maana. Cape Town mvua zake zinanyesha kipindi cha baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, pamoja na upepo unaogeuza mwamvuli, na kabla ya hapo Livingstone pale maporomoko ya Victoria maji bado ni mengi mwezi wa sita, ule mvuke unakulowesha kama umeoga. Ukilikagua ligeuze ndani nje, kwenye mishono uone ukanda uliobandikwa kufunika tundu za sindano, kama mishono ipo wazi maji yatapita tu hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Alafu limwagie maji begani, yakidondoka kama matone sawa, yakitanda na kuingia rudisha.

Sasa zile nguo chakavu, mwanangu hapo ndo sikubaliani na wewe kabisa na naomba unisikilize. Mzungu akifika boda na kaptura iliyochanika na ndala anaitwa mtalii anagongewa muhuri anapita. Wewe ni binti wa Kitanzania, mwenyewe, na begi mgongoni, afisa anakuangalia kwanza nguo ndo anaangalia pasipoti, anajiuliza huyu anaenda kutafuta kazi, ana hela, atarudi? Sio haki lakini ndivyo ilivyo, na sitaki ukalale kwenye benchi la uhamiaji. Siku ya kuvuka boda vaa lile shati lenye kola limenyooka, kadeti safi, nywele zimefungwa, viatu vimepanguswa. Ongea taratibu na karatasi zako mkononi. Shati hilo hilo utaingia nalo ofisi yoyote, kanisani, nyumbani kwa mtu akikukaribisha chakula. Na nguo ya kutupa njiani haipo, ukishaichoka iuze au mpe mtu, Zambia mitumba wanaita salaula na soko lipo kila mji, Malawi wanaita kaunjika, kwahiyo hata ukipungukiwa kitu unanunua huko huko kwa bei ya kawaida. Ndo maana nakwambia beba kidogo bila woga.

Usibebe kitu chochote chenye madoa ya jeshi, hata kofia, hata kibegi cha kiunoni. Zambia, Zimbabwe, Botswana raia haruhusiwi kuvaa, kama ilivyo hapa kwetu, na wanakamata kweli. Ukiingia mbuga za Zambia acha nguo za bluu na nyeusi, mbung'o anazifuata rangi hizo, hata mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ile kadeti ya udongo ndo siku yake. Jioni mikono mirefu na suruali kwa ajili ya mbu, hata kukiwa na joto.

Madera yote acha, beba sketi moja ndefu ya kitambaa chepesi kisichojikunja, inayofika chini ya magoti ukikaa. Malawi enzi za rais Kamuzu Banda kulikuwa na sheria ya mwaka 1973 iliyokataza mwanamke kuvaa suruali au sketi ya juu ya magoti, ilidumu mpaka vyama vingi vilipoingia miaka ya 90. Sheria imeondoka, sasa hivi wasichana mijini wanavaa suruali hakuna anayeshangaa, lakini ukifika vijijini kandokando ya ziwa utaona kina mama karibu wote na vitenge, na ukiwa na sketi yako wanakusogezea mkeka haraka zaidi. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na kanga. Pande moja, ya zamani iliyofuliwa fuliwa, maana mpya ina gundi haikaushi maji. Hiyo ni taulo, shuka, pazia ukilala chumba cha watu wengi, ya kubadilishia nguo ziwani, ya kujitanda ukiingia sehemu ya heshima, na ya kukaushia nguo, unaitandaza, unaweka nguo iliyokamuliwa juu, unaviringisha pamoja alafu unakanyaga kwa miguu, maji yanahamia kwenye kanga na nguo inakauka nusu ya muda.

Kuanika nako kuna jambo lake. Kuna nzi anataga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje hasa kivulini, ukiivaa funza anaingia chini ya ngozi panavimba kama jipu, Zambia na Malawi wapo. Dawa ni pasi ya moto kwenye mishono yote, hasa chupi na sidiria. Na hizi nguo za naironi ukikutana na pasi ya mkaa tandika kanga juu kwanza, la sivyo inayeyuka. Pasipo na pasi anika ndani, beba kamba ya mita tatu na pini chache.

Viatu sina mengi, raba moja uliyoizoea miguuni na kandambili za bafuni. Pea ya pili ya raba ni kilo nzima unambebea nani? Soksi nne ukitoa ile ya kulalia. Sindano, uzi mweusi, vifungo viwili.

Ukishaweka vyote pima, begi zima na maji yako lisizidi kilo kumi, alafu livae utembee kutoka Buguruni mpaka Kariakoo mchana wa jua. Utakachokilaani njiani kitoe.

Jumamosi njoo mapema tuende Karume pamoja, saa moja asubuhi mabelo yanapofunguliwa, ukija saa nne sufu zote zimeshaondoka. Njoo na pasipoti yako pia, nataka niipime nikushonee mfuko wa siri ndani ya kiuno cha zile kadeti zote mbili, wa zipu, pasipoti na dola zilale humo.

Mama yako