Magari kuonyana bila mnara wa simu

Ndugu, umeuliza iwapo magari yaliyo katika mwendo yanaweza kuonyana bila kupitia mnara wa simu, na kwa nini kamera na rada zisitoshe.

Yanaweza. Gari lenye kifaa cha mawasiliano haya hutangaza kwa redio, takriban mara 10 kwa sekunde, mahali lilipo, kasi yake, uelekeo wake na kama limefunga breki, na magari mengine yaliyo ndani ya mita 300 hivi huupokea ujumbe huo moja kwa moja. Kamera haioni kilichozibwa na lori, ilhali redio inaweza kumfikishia dereva habari ya gari lililofunga breki ghafla mbele ya lori hilo. Hapo ndipo ninapoona thamani yake kubwa, kwani kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nusu sekunde tu ni karibu mita 14.

Kilichokwamisha zaidi ni sera. Marekani ilitenga kwa redio hizi za magari, za teknolojia ya awali, masafa ya megahezi 75 katika bendi ya gigahezi 5.9 mwaka 1999, lakini magari machache sana yakafungwa vifaa, na mwaka 2020 tume yake ya mawasiliano, FCC, ikaamua megahezi 45 ziende kwa Wi-Fi na 30 zilizobaki zitumiwe na teknolojia mpya iliyotokana na simu za mkononi, ambayo nayo huwasiliana gari kwa gari bila mnara. Huko Ulaya, Volkswagen iliweka teknolojia hiyo ya awali katika Golf ya kizazi cha 8. Inasikitisha, kwa kuwa redio za aina hizo mbili hazielewani.