Jibu: USITUME hizo dawa, mupimishe makohozi kwanza

Usitume! Nasoma hapa mjomba wako wa Kalehe alimaliza dawa za tibe (kifua kikuu) mwaka jana, sasa anakohoa tena, weye unataka kumununulia zilezile mu farmasi ya Kadutu uzitume na boti, tena unauliza kama vyombo vyake vitengwe na kama anaweza kukuja kulala kwenu Bukavu.

Miye nilifanya hiyo. Yaya yangu kule Nyabibwe alirudilia kukohoa, jamaa moja wa farmasi, bluzi nyeupe na kalamu tatu mfukoni, akaniambia "ni ileile imerudi, chukua zilezile, ongeza sipro (antibiotiki ya siprofloksasini) kidogo". Kalamu tatu, hata moja haikuandika neno "pima"! Nikalipa, nikatuma, yaya akapata nafuu kidogo, tukamushukuru Mungu, kumbe vijidudu vinavyosikia dawa ndivyo vilikufa, vile visivyosikia rifampisini, dawa kubwa ya tibe, vikabaki vinazaana vyenyewe. Na huko milimani unajua vile watu wanalala, baridi, dirisha limefungwa, watoto wote chumba kimoja naye, anakohoa usiku kucha. Mtoto wake akapatwa, na ni mtoto ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha tibe! Miye nilikuwa nafikiri usugu, yaani kijidudu kutosikia dawa, ni wa wale wanaoacha dawa katikati. Hapana, muganga alituambia mtu anaambukizwa kijidudu kikiwa tayari sugu. Yule wa farmasi sijui alisomea wapi, labda mulemule mu boti.

Na hiyo sipro ni ya ukoo mmoja na levofloksasini, ambayo waganga wanaitunza kwa tibe sugu, sisi tunaimeza kama bombo.

Kwa hiyo: makohozi kwa mashini ya Xpert KABLA ya kidonge chochote. Darubini inaonyesha kijidudu tu, haikuambii kama ni sugu, Xpert inakuambia kama rifampisini inafanya kazi, na ni saa mbili hivi. Kituo chao hakina mashini? Waulize makohozi yanapelekwa hospitali gani. Dawa za tibe ni za bure mu Kongo, hata za sugu, sasa huyo anayekuuzia anakuuzia nini? Na asiogope zile sindano za zamani zilizokuwa zinaziba watu masikio, tangu 2022 OMS (Shirika la Afya Duniani) inashauri vidonge vya miezi 6, dawa ya bedakilini ikiwemo, kwa wagonjwa wengi.

Vyombo acha, tibe inapita na hewa. Fungueni dirisha.

Na mule nyumbani kwake wanalala wangapi? Nao wote wapimwe.